Asali Haiharakishwi

Nkoaranga,
16 Juni 2024

Mdogo wangu Nelson,

Salaam nyingi za nyumbani. Sisi tupo. Baridi ya Juni imeshuka, mlima hatujauona wiki ya pili sasa, na ndizi za upande wa mfereji zimeanguka kwa upepo. Nancy wangu amekuwa mtu mzima, amepanga chumba Kijenge na mwenzake, anasuka nywele za watu na kunitumia salamu Jumamosi. Kwaya bado naimba, ingawa sauti ya juu nimewaachia wasichana.

Namba yako haipatikani tangu Pasaka. Anwani hii nimeipata kwa mchungaji wetu, naye aliipata kwa katibu wa usharika wenu huko. Kwa hiyo usishangae kuona karatasi.

Sasa neno lenyewe. Baba anataka kupika pombe ya asali. Miaka tisa hajaigusa, wewe unajua tangu lini. Mwezi uliopita akaniambia nimshushie kibuyu kutoka darini. Nikakishusha, nikakipangusa masizi. Akaniambia nimletee ule mfuko wa mwegea, vile vipande vya tunda alivyovikausha Babu, vinavyoiamsha asali. Nimetafuta jiko lote la nje, nimepekua mpaka chini ya magunia ya maharage. Haupo. Mzee Philemoni amejitolea kutupa vyake, Baba amekataa. Anasema asali yake haitaamshwa na kitu cha nyumba nyingine.

Nakuuliza wewe kwa sababu siku ile uliyoondoka ndiwe uliyekuwa wa mwisho kuingia jikoni.

Anaitaka pombe hiyo ya nini, hajasema. Lakini mimi si mtoto. Kauli ile ya laana aliyokutolea haiondolewi kwa simu. Inaondolewa kwa mdomo ule ule ulioitoa, ukiwa na asali ya nyumba hii, na wewe umesimama mbele yake. Hakuna njia nyingine aliyoiacha Babu, hata mchungaji akikunja uso.

Baba hajambo. Siku hizi anapenda kukaa juani.

Dada yako,
Hanna


Makongolosi, Chunya,
4 Agosti 2024

Dada Hanna,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima. Imekaa kwa katibu wiki tatu, maana mimi siendi kanisani kila Jumapili, na hilo usimwambie mtu. Nancy anasuka nywele? Nilimwacha anaruka kamba.

Simu ilitumbukia kwenye duara, shimo la mgodi, futi mia na kitu, na sikuona sababu ya kununua nyingine. Ukinipigia utamwekea Baba sikioni, na mimi sitajua niseme nini. Karatasi ni bora, inanipa muda wa kufuta.

Kazi ipo. Siku hizi sishuki chini, nasaga mawe kwenye karasha. Huku kuna asali nyingi, dada, nyeusi, ya msituni, wanauza kwa ndoo. Siipendi. Inakosa kitu, sijui ni maji au ni mimi.

Umenikumbusha siku ile, ngoja na mimi niseme, maana sijawahi kuulizwa. Baba alikuwa amelazwa na malaria. Mzee Philemoni akaja kusema kikao cha kupatanisha nyumba yetu na kina Lesian kwa ule ugomvi wa mfereji kimerudishwa nyuma, ni Ijumaa, si mwezi ujao. Pombe bado ilikuwa inachemka na kuongea kwenye kibuyu. Ningefanya nini? Nilitia hamira na sukari kilo mbili. Nilijua itawahi. Iliwahi. Sikujua kwamba wazee wataionja na kuitema mbele ya watu wote.

Kuhusu huo mfuko, labda panya.

Msalimie Baba, kama anapokea.

Nelson


Nkoaranga,
1 Septemba 2024

Nelson,

Tumepokea. Hatujambo. Ng'ombe amezaa dume.

Panya wa Nkoaranga hawali mwegea. Ni mchungu.

Umesema hujawahi kuulizwa, basi na mimi niseme ambalo hukukaa kulisikia. Wazee walipoitema ile pombe, kina Lesian waliondoka wakisema tumewadharau, tumewaletea pombe ya dukani tufunge nayo damu. Wiki mbili baadaye walimkuta Simel wa baba mdogo mferejini, wakamkata panga. Mkono wa kulia ulikatika kifundoni, mpaka leo ananisalimia kwa kushoto na kuomba radhi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alimpeleka hospitali mwenyewe, amemshika mabegani, na aliporudi ndipo alipokuambia yale maneno: "Ulichoharakisha kikuharakishe." Sisemi alifanya vizuri. Nakueleza alikuwa anatoka wapi.

Wewe ukaenda. Mara Mererani, mara Geita, mara huko. Kila mahali umefika mbio na kuondoka mbio, mke hukukaa naye hata mwaka. Nami naamini kauli, Mungu anisamehe, mimi na kitabu changu cha nyimbo.

Jana Baba amenituma tena darini. Nilimwambia mfuko utapatikana. Nimedanganya?

Hanna


Makongolosi,
29 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Kifua kilinibana kidogo, vumbi la karasha, sasa nimepata nafuu.

Mfuko ninao mimi.

Niliuchukua usiku ule. Nilitaka akose kitu, kama mimi nilivyokosa. Nimezunguka nao nchi nzima. Nimejaribu kupika hapa mara nne, nikifuata kila alichokuwa akifanya: kipimo kimoja cha asali kwa vinne vya maji, kibuyu pembeni ya majivu, usikoroge, usichungulie. Wachimbaji wanakunywa na kusifu. Mimi naonja na kumwaga. Nilidhani vipande vimekufa, halafu nikaelewa havijafa, ila havinitaki.

Namkabidhi Prosper, dereva wa basi la Arusha, mtoto wa mama yule wa Olasiti aliyekuwa anatuuzia mbuzi. Ataushusha Usa River, duka la vifaa pale kituoni. Vipo tisa. Kimoja kilivunjika Geita, nikakifunga na uzi. Usimwambie Baba nilikuwa navyo. Mwambie umeviona darini.

Akipika, niandikie siku. Nitakuja.

Nelson


Nkoaranga,
9 Februari 2025

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka ambao umeshaanza kuzeeka. Nimekawia kwa sababu Baba alikataa asali ya kununua, akasema tusubiri mizinga yake irinwe. Imerinwa Januari. Simel ndiye aliyepanda kwenye mti, kwa mkono mmoja na kamba kiunoni. Baba alimwomba yeye, na mimi sikuingilia.

Vipande vilifika vyote tisa. Nilisema nimevikuta darini kama ulivyotaka. Baba akachukua kile chenye uzi, akakigeuza, akasema, "Dari yetu siku hizi inafunga uzi wa nailoni." Kisha akavinusa vyote kimoja kimoja.

Pombe imewekwa tarehe mbili. Yeye aliketi, mimi nikawa mikono. Aliniambia maji kiasi gani, akaonja, akaniambia ongeza kikombe. Ikianza kunyamaza tutaihamishia kwenye ile chupa kubwa ya kioo aliyoachiwa Babu na bwana shamba wa kizungu, tutaiweka chini ya kitanda chake mpaka machicha yashuke. Unakumbuka alama yake: uweke kidole nyuma ya chupa, ukiuona ukucha, imeiva. Amehesabu, anasema mwezi wa saba. Nikamuuliza haiwezekani mapema? Akanitazama. "Asali haiharakishwi, Hanna."

Basi njoo Julai. Ameniambia niandike hivyo, neno kwa neno: "Mwambie Julai, asikimbie." Na ameniambia nisikuandikie mengine, kwa hiyo siandiki.

Hanna


Makongolosi,
16 Machi 2025

Dada Hanna, shikamoo.

Nimesoma ile ya uzi, nimecheka mpaka nikakohoa. Mzee hajapungua.

Julai nitakuja. Imekaa vizuri, maana sasa hivi nisingeweza, kuna mambo nayamaliza hapa. Mambo gani usiulize. Julai nitakuwa sawa. Nilikuwa naogopa ungesema mwezi ujao.

Umeandika "mimi nikawa mikono." Mikono ya Baba ina nini? Hukusema.

Nelson


Nkoaranga,
30 Machi 2025

Nelson,

Hatujambo. Mvua imeanza, baridi imekuja nayo. Pombe imelala, haiongei, ninaizungushia majivu ya moto asubuhi na jioni.

Nakuandikia hili bila kutumwa. Usisubiri Julai. Njoo ukipata barua hii. Usiniulize kwa nini, nimeapishwa. Panda basi tu.

Hanna


Makongolosi,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Kwa Dada Hanna,

Shikamoo dada. Anayeandika ni Bariki, nakaa chumba kimoja na Nelson. Yeye anasema, mimi naandika, mkono wake umechoka leo.

Anasema barua imefika. Anasema siku hizi basi haliwezi, barabara na mvua. Anasema atakuja ile ile Julai kama Mzee alivyosema, kwamba Mzee alisema asikimbie, naye safari hii anataka kumtii. Anasema umwambie hivyo Mzee, atafurahi.

Amekataza nisiongeze kitu. Nimeongeza Kristo amefufuka.

Bariki, kwa niaba ya Nelson


Nkoaranga,
11 Mei 2025

Mdogo wangu Nelson,

Nimempigia katibu wa usharika wenu mara tatu. Mara ya tatu akaniambia umepelekwa hospitali Mbeya, kwamba ni mapafu, na kwamba si la jana. Kwa hiyo barua hii naielekeza kwa Bariki, nimemwomba akufikishie mkononi.

Baba ametutoka Jumapili, tarehe ishirini na saba Aprili, saa nne asubuhi, watu wakiwa kanisani. Tumemzika Jumatano, kando ya mama. Mvua ilituacha mpaka tulipomaliza.

Alipooza upande mmoja tangu Mei mwaka jana, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilipokuambia anapenda kukaa juani, ni mimi niliyembeba nikamweka. Alinikataza. Alisema, "Akija, aje kwa sababu anataka kuja. Asije kuzika." Nikamtii. Wewe nawe ulikuwa unatema damu na kuniandikia habari za barabara. Tumefichana vizuri sana, mtu angedhani tulipanga. Nina hasira na wewe, na nina hasira na yeye, na mimi mwenyewe nisijisahau.

Lakini sikiliza. Barua ya Bariki ilifika Ijumaa, siku mbili kabla. Nilimsomea. Pombe ilikuwa tayari. Jumamosi akaita Mzee Philemoni na wazee wawili wa ukoo, akamwita na Simel. Akaniambia nitoe sandukuni shati lako jeupe la kipaimara. Nikalishika mbele yake, mikono imenyooshwa, kana kwamba wewe umo ndani. Akachukua pombe mdomoni. Nyingi ilimwagika kidevuni, upande ule haukushika. Iliyobaki akalinyunyizia shati kifuani, mara nne, kama inavyotakiwa. Akasema maneno yake ya Kimeru, mengine sikuyasikia. La mwisho nililisikia: "Nimekufungua, nenda polepole."

Shati ndilo hili. Sijalifua. Na kuna chupa ndogo ya pombe iliyobaki, Prosper ameahidi kuishika mapajani njia nzima.

Pona, kisha uje nyumbani. Chumba cha Baba nimekifagia.

Hanna


Mbeya, hospitali,
8 Juni 2025

Dada Hanna,

Shikamoo, na pole. Sijui pole ni ya nani kwa nani. Naandika mwenyewe, ndiyo maana herufi zinapanda na kushuka.

Nimelia, hilo nisikufiche. Hapa wodini tuko sita, hakuna aliyeniuliza, kila mtu ana zake. Daktari anasema vumbi limejenga humu kifuani na halitoki. Naweza kuishi nalo, miaka au miezi, nikikaa mahali pasipo na vumbi. Nilifikiria migomba yetu. Bariki amesema atanisindikiza mpaka Arusha.

Ila kuna neno moja linanikalia hapa, na bila kulijua siji.

Nilijaribu kuvaa shati. Halifungi vifungo, nimelilaza kifuani. Kisha nikafungua ile chupa, nikaonja kijiko kimoja. Dada, mimi naijua ladha ile kuliko mtu yeyote duniani. Ile ni hamira.

Niliangalia chupa kwenye mwanga wa dirisha. Nilitia kidole nyuma yake, sikuona ukucha. Umeniandikia "pombe ilikuwa tayari" na ukapita haraka, wewe ambaye hupiti haraka kwenye neno lolote. Mwezi wa tatu ulisema imelala. Kwa hiyo naelewa. Uliona Baba anaondoka, ukaingia dukani kama nilivyoingia mimi. Sikulaumu. Mimi ni nani nikulaumu?

Lakini kama ni hivyo, haikunifungua. Mzee alidhani ananyunyiza asali yake, kumbe ananyunyiza kitu kile kile kilichotugawanya. Kauli bado iko palepale, na mimi siwezi kuileta nyumbani, kwako na kwa Nancy. Afadhali nibaki huku.

Niambie ukweli, usinionee huruma.

Nelson


Nkoaranga,
22 Juni 2025

Nelson,

Nimepata barua yako jana. Leo sikwenda kwaya, nimekaa jikoni kukujibu. Sitakusalimia sana, hatujambo.

Ni hamira. Umeonja sawa.

Sasa ngoja nikueleze, na hili sikulificha kwa sababu nilikatazwa. Niliogopa ukijua utalitupa shati.

Bariki aliniandikia kwa niaba yako kwamba utakuja Julai kwa kumtii Baba. Nilimsomea ile Ijumaa, nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda. Aliomba niirudie. Kisha akasema, "Anatembea polepole, na mimi ndiye niliyemfundisha." Akaniomba nivute chupa kutoka chini ya kitanda. Akaweka kidole chake kizima nyuma ya kioo. Ilikuwa kama maji ya mfereji baada ya mvua. Asali bado tamu, haijageuka, ilikuwa imenyamaza kwa baridi, si kwa kuiva.

Akaniambia, "Hanna, nenda Usa River ukanunue hamira."

Nilidhani ugonjwa umempanda kichwani. Nikamwambia, Baba, ni hamira hiyo hiyo iliyomfukuza Nelson. Akasema, "Najua ni ipi. Lete pakiti mbili, yeye alitia moja." Nikamwambia Mzee Philemoni ataitema kama alivyoitema mwaka ule. Akasema, "Mwite tu."

Nilishuka kwa bodaboda na mvua ile. Niliporudi alitaka aitie mwenyewe. Kwa ule mkono mmoja, nusu ilimwagika kwenye shuka. Usiku kucha tukaisikia inachemka chini ya kitanda. Aliniambia, "Nilikuwa na mtoto aliyejaribu kunisaidia nikiwa mgonjwa. Na mimi nimefanya kama yeye. Sasa tumelingana, siwezi tena kumfunga mtu kwa kosa langu."

Asubuhi wakaja. Mzee Philemoni ndiye anayeonja kwanza, si unajua. Akapokea kibuyu, akanywa, na nikamwona inamfika mdomoni. Akasimama nayo hivyo, mashavu yamejaa. Akamtazama Baba. Baba naye akamtazama, hakuinamisha macho. Simel alikuwa mlangoni. Wote tulijua ni nini kilichokuwa mdomoni mwa yule mzee.

Akameza.

Akasema, "Imeiva." Akampa kibuyu Simel, naye akakipokea kwa mkono wake wa kushoto, akanywa, hakuomba radhi.

Huo ndio ukweli ulioutaka. Shati usilifue. Likikubana, fumua mishono ya ubavuni, nitakushonea ukifika.

Dada yako,
Hanna